Kisu cha Mama Argia

Miaka sita nilikanda na kusukuma unga wa tambi kwenye ubao wa mama mkwe wangu, Argia, hapa Savigno, Italia. Kukata, hata siku moja. Kisu kilikuwa chake peke yake.

"Tambi hizi tunaziita tagliatelle, maana yake zilizokatwa," alinikumbusha kila Jumapili. "Hawakuziita zilizokandwa. Jina ni la mwenye kisu. Wewe mtu wa kuja, wa mji wa Ferrara, kanda tu."

Nasema kweli, nilimchukia kwa maneno hayo.

Jumapili ya ubatizo wa mwanangu, wageni kumi na sita walikuwa mezani na maji yalishachemka. Niliuviringisha unga kama mkeka, Mama akashika kisu. Akakata mara tatu, mkono ukitetemeka. Utepe wa kwanza ulitoka mpana kama kidole gumba, wa pili umepinda, wa tatu umeanza mwembamba ukaishia mpana.

Tukatazamana. Wifi yangu Ornella akachungulia mlangoni.

"Mama, bado tu? Watu wana njaa!"

"Njaa ya saa moja haijaua mtu! Funga mlango!"

Ulipofungwa, akanisogezea kisu.

"Kata wewe. Lakini ukiharibu, hukigusi tena nikiwa hai."

Kingo za unga zilishaanza kukauka. Tungechelewa kidogo tu zingepasuka. Nikakata bila kumtazama usoni, haraka haraka, mpaka mwisho. Kisha nikapitisha kisu chini ya tambi zote na kuziinua, kwa kuwa hapo ndipo mkataji anapojulikana: zikishikana, umeaibika.

Zilining'inia kisuni bila kufunguka. Nikatikisa. Zikaporomoka zote, ndefu, sawasawa.

Hakunisifu. Aliokota zile tatu zake, akazitia kwenye bakuli la vipande vilivyokatwa vibaya.

"Hizi ni za supu ya maharage."

"Mama, tuzichanganye tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Kisu hicho nilikitamani miaka sita. Sasa kilikuwa mkononi mwangu, na machozi yalinitoka nisiweze kuyazuia.

"Acha kulia, utaongeza chumvi kwenye chakula," akasema. Akavuta bakuli langu la kukandia upande wake wa ubao. "Jumapili ijayo nakanda mimi."