Kukuziwa Kumi na Mmoja

1.
TANGAZO. Wajitolea wa sensa ya kukuziwa, ndege wa majini, kwa masikio wafike vituoni saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ndege wakizidi wanane, kinamasi kitahesabika kuwa kizima, na kibali cha malori ya maji taka kitaongezwa miaka mitatu.
Ofisi ya Mazingira.

2.
Mama Editha, stashahada ya afya ya mazingira, alikaa kituo cha tano, mtandio puani. Juu matete, chini kinyesi cha mji mzima. Lori likamwaga. Povu la kijivu likaja taratibu hadi kwenye viatu vyake.

Akatema mate.

3.
Alivyosikia:
vyura, hakuna
mbu, kibao
bomba likikoroma
krr-krr

Kukuziwa?

4.
UTARATIBU. Ukimya ukizidi, mjitolea apige sauti ya kukuziwa iliyorekodiwa kwenye simu, ili aliye hai ajibu.

Krr-krr-krr, akapiga.
Ng'ambo ya matete: krr-krr-krr.
Siku tano. Kumi na mmoja. Alijua idadi hiyo inampendelea nani. Akaandika hivyo hivyo, maana alisikia.

5.
Chai, ofisini, Jumamosi.
"Dada, ndege wa upande wako waungwana," alisema Salvatory wa kituo cha nne. "Nikipiga simu tu, wanaitika."
"Wangu nao wanaitika. Kutoka kwako."
Salvatory akaweka kikombe.
"Kwa hiyo tuli—"
"Ndiyo, kaka. Watu wazima wawili, tumekaa kwenye mavi, tunaitikiana."

6.
Wewe unayesoma, usicheke. Fomu ilikuwa imeshafika mezani kwa Bwana Kashaija, mkuu wa ofisi. Ilibaki saini.

"Hakuna ndege," Mama Editha alisema. "Ni simu zetu."
"Fomu inauliza ulisikia nini. Hukusikia?"
"Nilisikia simu."
"Sauti ni sauti, mama. Saini, unywe soda."
Kalamu aliyompa ilikuwa imetafunwa, bado ina mate.

Akairudisha mezani.

"Nahesabu upya leo," akasema. Akaondoka na fomu.

7.
Jioni ile waliketi wote wawili kituo cha tano. Simu zote mbili, zimezimwa, ndani ya mkoba wake.
Dakika ya kwanza: mbu.
Ya nne: mbu.
Ya tisa:

krr.

"Salvatory, acha upuuzi."
"Simu yangu unayo wewe, dada."

Krr-krr. Hatua kumi tu, kwenye kishungi cha mwisho cha matete ya kijani.

Mmoja.

Akaandika: 1. Akasaini.

8.
Kisha lori likaja kinyumenyume, bomba likielekea kishungi kile kile.
Mama Editha akavua viatu. Akaingia. Povu likapanda vifundoni, magotini, uvuguvugu kama matapishi. Akasimama mbele ya bomba.

Dereva akachungulia dirishani. "Mama, toka hapo. Nitakumwagia."

"Mwaga."