Reli Yetu Haing'olewi

Chama cha wakulima cha Muleba kilianza na kiberenge kimoja cha kusukumwa kwa mikono. Kilinunua reli chakavu za kiwanda cha mbao kilichofungwa, wanachama wakazitandika wenyewe kutoka kwenye vibanja vyao vya kahawa hadi gati la ziwani. Baadaye ikaja injini ndogo ya dizeli. Abiria wakawa wanapanda juu ya magunia, ikabidi waundiwe behewa. Dereva alikuwa Anatolia, mjane aliyejifunza injini kwa marehemu mumewe.

Masika ya mwaka juzi mto unaokatiza njia ulifurika ukabeba daraja la reli. Mwenyekiti, Onesphory, aliitisha mkutano akaeleza kwamba amepatikana mnunuzi wa vyuma chakavu. Heri kuuza reli kabla hazijaliwa na kutu. Wengi waliitikia kwa vichwa, wamechoka.

Anatolia akasimama. "Waitu mwenyekiti," alisema kwa heshima ya Kihaya, "kilichoanguka ni daraja. Kesho treni inaondoka kama kawaida."

"Inaondoka kwenda wapi?"

"Mtoni."

Asubuhi alifika ukingoni na shemeji yake Gozbert tu. Walivusha magunia kichwani, maji yakiwafika kiunoni, wakayapakia kwenye kiberenge cha zamani kilichobaki ng'ambo, wakasukuma hadi ziwani. Usiku huo Anatolia alishindwa kuinua mikono hata kufunga kilemba. Kulipokucha aliwasha injini tena. Safari hii Jovita, jirani yake, alikuja na wanawe wakubwa. Wiki ilipoisha, watu walikuwa wamejipanga kutoka ukingo hadi ukingo wakipokezana mizigo, na abiria wanavuka viatu mkononi.

Ndipo lori la mnunuzi lilipofika na mitungi ya gesi ya kukatia vyuma, Onesphory kakaa mbele. Anatolia alisimamisha treni kwenye makutano ya reli na barabara, akazima injini, akashuka, akasimama juu ya reli.

"Anzeni na hii," alisema kwa utulivu.

Mafundi wakamtazama, wakawatazama watu waliokuwa wakipanda kutoka mtoni, wameloa. Hakuna aliyegusa mtungi. Mnunuzi akageuza lori. Onesphory hakushuka, na katika uchaguzi uliofuata hakugombea.

Wanachama walikata mikaratusi yao wakajenga daraja la magogo. Siku ya kulivuka, Anatolia aliwashusha abiria wote, akapita peke yake, polepole. Upande wa pili alipiga honi mpaka Gozbert akamwomba aache.

Sasa wanatandika reli kuelekea Bukoba. Wapo wanaosema haitafika. Wameshavuka Kemondo; kilichobaki ni kipande kifupi.