Mtandio wa Mpumudde

Neno la kwanza la Kiswahili alilolijua Hasifa lilikuwa "fungua". Alilisikia akiwa na miaka minane, mwaka wa themanini na sita, jeshi la Uganda lililoshindwa lilipokuwa likipita Mbale kukimbilia kaskazini, walikotoka askari wake wengi. Askari waligonga duka la vitambaa la baba yake, Siraje. Alipochelewa, walivunja kufuli, wakabeba majora yote, na mmoja akampiga kwenye kiwiko kwa kitako cha bunduki. Mkono ule haukunyooka tena. Tangu siku hiyo Siraje, ambaye awali alikitumia dukani tu, hakutaka kabisa kusikia Kiswahili nyumbani kwao, mtaa wa Nkoma.

Miaka kumi na miwili baadaye Hasifa alikuwa mwanafunzi wa historia chuoni Mbale, na chuo kilimpeleka Jinja kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu katika jumba dogo la makumbusho. Walikuwa wanafunzi wawili, yeye na Waiswa. Jumba lilikuwa likiandaa maonyesho juu ya watu waliohamia Jinja: Wahindi wa maduka, Waluo wa reli, Wanubi, na watu wa kaskazini walioletwa na kazi za serikali. Waiswa aliwahi kuchagua Wahindi, reli na Wanubi. Hasifa akabakiwa na watu wa kaskazini.

"Wengi wao wanaongea Kiswahili," alisema Proscovia, msimamizi wao. "Utaweza?"

"Nilijifunza bwenini, kwa wanafunzi wa Kenya," Hasifa alijibu. Mengine aliyameza.

Nyumba ya kwanza aliyoelekezwa ilikuwa Mpumudde, kwa mzee Romano, askari magereza mstaafu kutoka Kitgum. Bodaboda ilimshusha mlangoni. Alipiga moyo konde, akabisha. Mzee alisoma barua ya makumbusho mara mbili, kisha akamrudishia.

"Hapa wameandika wahamiaji. Mimi sikuhama, binti. Mimi nilitumwa. Mkubwa alisema Jinja, nikasema ndiyo afande, nikapanda gari. Mwaka sitini na nane."

"Na baada ya kustaafu, mzee? Nani alikutuma ubaki?"

Romano alimtazama, halafu akacheka kwa mara ya kwanza. Alimvutia kiti, akamwita mkewe alete chai.

Hasifa alirudi pale mara nne na kinasa sauti chake. Mzee alipenda kusimulia magwaride na uhamisho. Kila walipofika mwaka wa themanini na sita, alisema koo limekauka. Siku ya nne mkewe, Janepher, aliyekuwa akichambua mchele, aliweka ungo chini.

"Wewe hukuwepo nyumbani. Acha mimi niseme."

Alisema kwamba siku Jinja ilipoangukia mikononi mwa jeshi jipya, Romano alikuwa amefungiwa kazini, na yeye alikuwa nyumbani na watoto wawili. Vijana wenye hasira walipita mlango kwa mlango wakiuliza nani ametoka kaskazini. Jirani yake, Hajarah, muuza sambusa, aliingia kwa mlango wa nyuma bila hodi. Alimfunika Janepher mtandio mweusi, akawabeba watoto, akawapeleka kwake.

"Alinifundisha kuitikia salamu kwa Lusoga, lugha ya hapa," Janepher alisema. "Nilikuwa narudia kama mtoto wa shule. Vijana walipokuja, dada Hajarah akawaambia, huyu ni wifi yangu kutoka Iganga, ni mgonjwa. Tulikaa kwake wiki tatu. Kila asubuhi aliamka kwa sala yake, nami nikasali yangu kimoyomoyo."

Kaseti ilifika mwisho ikakata. Hasifa hakuwa na haraka ya kuigeuza.

Hajarah alikuwa angali hai, nyumba ya tatu kutoka pale. Hasifa alipomuuliza kwa nini hakuwahi kumsimulia mtu, alipangusa unga mikononi. "Mwanangu, hakuna aliyeniuliza." Akafungua sanduku, akatoa mtandio, umepauka na umetoboka pembeni. "Kama mnauweka ukutani, nitaufua kwanza."

Proscovia aliusikiliza mkanda wote. Alipozima mashine alikuwa na uso mzito.

"Ni kisa kizuri. Lakini kati ya watakaoingia hapa wamo waliopoteza waume na kaka kwa watu waliovaa sare. Watasema tunawaonea huruma waliowatesa. Nitawajibu nini?"

"Baba yangu ni mmoja wao," alisema Hasifa, akaeleza habari za duka.

Proscovia alitoa mkanda kwenye mashine. "Basi nenda ukamuulize. Akikataa, nitaelewa."

Jumamosi Hasifa alipanda basi kwenda Mbale. Alimkuta Siraje barazani akipunga upepo uliotoka mlima Wanale, akamsimulia yote bila kupunguza. Baba alisikiliza huku akikikanda kile kiwiko.

"Unaniomba ruhusa?"

"Ndiyo, baba."

"Aliyenivunja mkono hakuwa mama mwenye watoto wawili." Alikiachia kiwiko. "Lakini sitaki watu wasome kwamba mwaka ule kulikuwa na wema peke yake."

Aliinuka akaingia ndani, akarudi na kufuli lenye kutu, chuma chake cha juu kimepinda. Miaka yote hiyo Hasifa hakujua kwamba alilihifadhi.

"Mkiweka mtandio, wekeni na hili. Kabati moja."

Wakaviweka kabati moja. Waiswa alikata kioo, Hasifa akaandika maelezo mara tisa hadi Proscovia akaridhika. Siku ya ufunguzi Hajarah alikuja amevaa gauni jipya, ameshikana mkono na Janepher. Siraje naye alifika kutoka Mbale, ingawa alikuwa amesema hatakuja.

Romano alisimama muda mrefu mbele ya kufuli. Aliposoma jina la mwenye kufuli, aligeuka akimtafuta kwa macho. Hasifa alitaka kwenda kusimama kati yao, lakini Siraje alikuwa amekwisha kusogea.

"Sikuwa Mbale siku hizo," Romano alisema kwa Kiswahili.

"Najua."

"Lakini sare ni sare. Pole, bwana."

Siraje alitazama chini. Alipojibu, Kiswahili chake kilikuwa kimeshika kutu, maneno yakitoka moja moja. "Nimesikia pole yako. Mke wako naye, pole kwa yale." Hawakukumbatiana. Romano alimuuliza kama mkono unauma wakati wa mvua, Siraje akasema unauma sana, na wazee wawili wakaenda kukaa kwenye benchi, wakazungumzia dawa za viungo mpaka chai ikapoa.

Si wote waliofurahi. Mtu mmoja alitoka kabla ya kumaliza kutazama, na Proscovia akamfuata hadi getini kumsikiliza. Lakini Jumatatu asubuhi, Hasifa alipofungua jumba, alimkuta mama mmoja ameketi ngazini, na bahasha ya picha mapajani. Jina lake lilikuwa Topista, alisema, na baba yake alikuwa polisi kutoka Soroti. Alikuwa amesikia kwamba hapa watu wanaulizwa.

"Ndiyo, mama," Hasifa alisema kwa Kiswahili. "Karibu ndani. Tuanze na picha ipi?"