Mrithi wa Alhamisi

Baiskeli niliitoa mimi, kwa mikono yangu hii, na sitaki mtu mwingine abebe lawama. Siku ya tatu baada ya kumzika Simwiinga, sisi watani wa ukoo wake ndio tuliofagia nyumba, kama desturi inavyotaka. Mfiwa hafagii, kazi yake ni kulia. Mtani ndiye anayefagia na kupika, anamtania marehemu mpaka wafiwa wacheke, kisha anatoa uani kila kitu alichokishika marehemu ili ndugu wa upande wa mama yake wakigawe. Nilitoa jembe, kigoda, redio na koti la mvua. Nikaiona baiskeli imeegemea ukuta, nikaisukuma mpaka uani na kuilaza kando ya majembe. Mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa katikati ya kumsema marehemu kwa uchoyo wake wa tumbaku, na watu walikuwa wanacheka.

Lakini baiskeli haikuwa yake. Ililetwa hapa Mabwetuba miaka minne nyuma na watu wa msaada, moja kwa kijiji kizima, nyeusi, ya chuma kizito, na karia yake ya nyuma inabeba gunia la mahindi bila kulalamika. Simwiinga alikabidhiwa kwa sababu ndiye aliyekuwa mhudumu wetu wa afya. Kila Alhamisi alikwenda kliniki, kilomita kumi na saba, akarudi na sanduku la dawa za malaria na vile vipimo vya kutoboa kidole. Zamani alikuwa akienda kwa miguu, mara moja kwa mwezi, na dawa ziliisha kabla mwezi haujafika nusu. Baiskeli ilipokuja, mtoto aliyechemka Jumatatu alimeza dawa Jumatatu hiyohiyo. Wajawazito wawili walikwenda kujifungua wamekaa kwenye karia, wakimtukana Simwiinga njia nzima kwa kila shimo. Jumamosi aliwaazima wanawake baiskeli hiyo, na safari ya mashine ya kusaga, iliyokuwa ikitula kutwa nzima, ikawa shughuli ya asubuhi tu.

Mimi ni Bina Chimuka, yaani mama yake Chimuka, ingawa Chimuka hayupo. Alinifia mgongoni kwenye njia hiyohiyo ya kliniki, nilipofika kwenye mkuyu wa kijitoni, mwaka ule wa ukame mkubwa. Alikuwa na miaka miwili. Nilikuwa nimebakiza nusu ya njia. Kwa hiyo mtu akiniambia baiskeli ni chuma tu, huwa simjibu.

Basi wazee wakagawa. Vitu vyote, na baiskeli ndani yake, vikamwendea Mainza, mpwa wa marehemu, mfugaji wa kijiji cha jirani cha Siampondo. Wakamvika shanga nyeupe, wakamwaga pombe kwenye kizingiti cha mjomba wake, na kuanzia hapo yeye ndiye Simwiinga. Kwetu mrithi hachukui vitu peke yake. Anachukua jina na mzimu wa marehemu, watoto wa marehemu wanamwita baba, na deni la heshima alilokuwa nalo mjomba linakuwa lake.

Choolwe, yule binti aliyekuwa akimsaidia marehemu kazi ya dawa, alinivuta kitenge.

"Mama, si ile ni baiskeli ya dawa?"

Nikageuka, nikaona nilichofanya. Mainza alikuwa ameshaishika usukani.

"Nyamaza," nikamwambia. "Pombe imeshamwagwa."

Neno hilo lilinitafuna wiki nyingi. Kitu kilichomwagiwa pombe hakirudishwi. Anayekidai anamtukana marehemu, na mzimu uliotukanwa haulali. Wazee walijua baiskeli ni ya kijiji, lakini kila mmoja alimtazama mwenzake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo. Mainza mwenyewe aliamini ni ya mjomba wake, maana kila alipomwona, alimwona juu yake.

Choolwe akapewa sanduku la dawa na miguu yake miwili. Alhamisi ya kwanza alirudi jua limezama. Ya pili alirudi kandambili mkononi, vidole vimechubuka. Ya tatu hakwenda, mtoto wake alikuwa anaumwa, na ya nne muuguzi wa kliniki akamwambia asilete hadithi: mvua zinakaribia, malaria inakuja na mvua, na sanduku likikosa kuja tena litapewa kijiji kingine chenye mtu wa kulifuata.

"Mwezi huu ukiisha nalirudisha mwenyewe, mama," Choolwe aliniambia, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. "Nimechoka. Nina mtoto wa kunyonyesha na shamba halijaguswa."

Nilikaa naye mpaka maji yakapoa, na nilijiona mtu mbaya. Nilipokuwa nakwenda zangu ndipo nikakumbuka kwamba mimi si mzee wa baraza. Mimi ni mtani, na mtani hakatazwi kusema.

Alhamisi iliyofuata niliamka mapema nikaenda Siampondo, mwendo wa saa nzima. Nilimkuta Mainza amekaa kwenye kigoda cha marehemu. Baiskeli ilikuwa imening'inizwa chini ya ghala la mahindi, magurudumu hayagusi ardhi, imefunikwa blanketi. Aliipenda, nisimsingizie. Aliipanda Jumapili tu, kwenda kanisani.

"Hodi kwa Simwiinga."

"Karibu, fisi," akasema. Wao hutuita fisi, nasi huwaita mbuzi. "Umesikia harufu ya mfupa?"

"Nimesikia harufu ya mbuzi aliyelala mpaka jua likamchoma. Leo Alhamisi, Simwiinga."

"Najua ni Alhamisi."

"Sasa mbona upo nyumbani? Watu wanasubiri dawa."

Akacheka. "Mtani, mimi nafuga ng'ombe. Dawa ninazozijua ni za kupe."

"Nani anazungumza na wewe? Mimi nazungumza na Simwiinga. Nilimfagilia nyumba, nikamwona anavikwa shanga kwa macho yangu. Au wazee walimvika shanga kivuli?"

Mkewe, Bina Lweendo, alikuwa anakoroga chungu cha chibwantu, kinywaji chetu cha mahindi. Hakuinua kichwa, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Akanipa kikombe kilichojaa, nikanywa chote, nikaaga kwa heshima.

Kesho yake sikwenda peke yangu. Nilimchukua mzee Hamoonga na kidole chake cha mguu kilichojikwaa, na jirani yangu mwenye mimba ya miezi saba. Choolwe alikuwa ameshawaona wote wawili na kuwapa walichohitaji, lakini hilo Mainza hakuwa na haja ya kulijua.

"Simwiinga," Hamoonga akasema, akaweka mguu wake juu ya jiwe mbele ya mwenye nyumba, "kile kidole ulichokifunga mwaka juzi kimerudi tena."

"Mzee wangu, mimi sikufunga kidole chochote."

"Ulikifunga vizuri sana. Sijui kwa nini leo unajidogosha."

Siku ya tatu tulikuwa watu watano, siku ya nne tukawa wanane. Hakuna aliyeitaja baiskeli. Kila mtu alimsalimu kwa jina lake jipya, akaeleza ugonjwa wake, akaketi kivulini kusubiri. Na mgeni kwetu haondoki na koo kavu. Bina Lweendo alijaza vikombe mpaka akaanza kupima mahindi yaliyobaki kwa jicho.

"Baba Lweendo," alisema siku ya tano, kwa sauti ya kusikika hadi zizini, "ama uende hiyo kliniki, ama ukanilimie shamba jingine la kuwanywesha wagonjwa wako."

Mainza akaniita pembeni, nyuma ya zizi. Hakuwa amekasirika, maana kumkasirikia mtani ni kujiaibisha mwenyewe. Lakini hakuwa anacheka tena.

"Kama mnaitaka baiskeli, semeni."

"Kitu cha marehemu? Niombe mimi? Unataka mizimu inivunje kiuno, mbuzi wewe? Hatutaki baiskeli. Tunamtaka Simwiinga."

Akatazama ng'ombe wake.

"Alhamisi moja," akasema. "Moja tu, mnyamaze."

Alhamisi ile alifika Mabwetuba umande haujakauka, akampakia Choolwe kwenye karia na sanduku mapajani, kwa kuwa jina lililoko kwenye daftari la kliniki ni la Choolwe. Niliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Kisha nikaketi kukoboa karanga, na masikio yangu yote yalikuwa barabarani.

Walirudi jua likiwa limepita kichwani kidogo. Choolwe alishuka, miguu mikavu, akaenda moja kwa moja kumnyonyesha mwanawe. Mainza akaja kwangu akisukuma baiskeli. Nikatayarisha maneno yangu. Nilikuwa nayo mazuri, juu ya mbuzi aliyefundishwa kuvuta gari.

"Yule mwanamke ulimtuma wewe?" akauliza.

"Mwanamke gani?"

"Mtani, acha. Yule wa njiani."

"Sikumtuma mtu njiani. Wagonjwa wangu wote wamo humu humu, wamepumzika. Hamoonga anacheza bao."

Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta, akachuchumaa.

"Wakati wa kurudi, mwanamke katoka porini anakimbia. Simjui, hata Choolwe hamjui. Anaita, 'Simwiinga! Simwiinga!' Ana mtoto mgongoni, kichwa kimelegea. Hakuniangalia usoni kabisa. Aliiona baiskeli. Choolwe akamtoboa mtoto kidole palepale, akasema ni malaria, tena kali. Akampa dawa ya kwanza, tukampakia mama na mtoto, nikageuza nikawapeleka kliniki. Choolwe alibaki ananisubiri kivulini. Muuguzi amesema atapona." Akaitazama mikono yake. "Mama yule alinishika mikono yote miwili, ananishukuru kwa yule wa kwanza pia. Anasema mwaka jana nilimponyea kaka yake. Mimi."

"Ilikuwa wapi?" nikauliza.

"Kijitoni. Pale kwenye mkuyu."

Maneno yangu mazuri yote yalikufa. Nililia mbele ya mbuzi, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Mainza alikuwa mdogo mwaka ule wa ukame, lakini hadithi ya Chimuka kila mtu anaijua, na baada ya muda nikaona naye ameikumbuka. Alichukua ungo, akanisaidia kukoboa karanga mpaka zikaisha.

Jumamosi alirudi akisukuma baiskeli, yeye na mkewe, na kibuyu cha chibwantu. Akawaita wazee, Choolwe na mjane wa marehemu, akasimama mbele ya kizingiti cha mjomba wake. Akamwaga kidogo kulia, kidogo kushoto.

"Mjomba," akasema, "shanga ninazo, na jina ninalo. Lakini Alhamisi zako ni nzito, na mimi nina ng'ombe arobaini. Miguu yako namwachia Choolwe, atembee nayo. Mimi nitakuja kila Jumapili kuipaka mafuta. Usinisumbue usingizini."

Wazee wakapiga makofi taratibu, namna ya kukubali. Hakuna aliyedai na hakuna aliyerudisha. Mrithi alitumia kitu chake apendavyo, na mzimu haukupata pa kushika. Choolwe aliipokea baiskeli kwa mikono miwili, akapiga magoti, kisha akainuka na kuangalia mnyororo kama fundi.

Ndipo Mainza akanigeukia mimi.

"Sasa, fisi. Siku ile ya kufagia nilikuwa nimekaa pale kwenye kinu. Nilikuona ukiitoa."

Nikainuka mbele ya wazee.

"Niliitoa," nikasema. "Mkono ulikwenda wenyewe. Nikaona kosa langu, nikanyamaza. Choolwe ameumia miguu kwa ajili yangu."

Nilimtazama Choolwe nilipokuwa nasema. Alitikisa kichwa tu, kunionyesha kwamba yamekwisha.

"Umekiri mbele ya watu," Mainza akasema. "Mtani akikosa, hulipa. Faini yako: Alhamisi utakwenda kliniki kwenye karia, na utakaa mpaka ufike. Nitaendesha mwenyewe."

Watu walicheka mpaka mjane akajifuta macho. Mimi na miaka yangu sitini na nane sijawahi kupanda kitu chenye magurudumu mawili, na kila mtu anajua, maana nimewasema wanawake wote waliowahi kupanda.

Alhamisi nikafungiwa mto kwenye karia kwa kamba ya ng'ombe. Watoto wa shule walitufuata hadi mwisho wa mashamba wakiimba mambo yasiyo na adabu kuhusu fisi na mbuzi. Nilimshika Mainza koti, nikafumba macho, nikamwambia akiniangusha nitakufa makusudi ili aje anifagilie nyumba.

"Sitakuangusha, mtani. Fumbua macho, upepo ni bure."

Nilifumbua. Mashamba ya mtama yalikuwa yanapita bila mimi kufanya kazi yoyote. Kilima ambacho siku ile, na Chimuka mgongoni, nilikipanda kwa kusimama mara tatu, tulikipanda mara moja, Mainza akihema na kunitajia uzito wangu. Kisha njia ikateremka, nikajua tunakokwenda. Nilikuwa nimejiandaa tangu usiku. Nilitaka kumwambia Chimuka neno moja tutakapofika pale kwenye mkuyu, na neno lenyewe nilikuwa nimelichagua.

Baiskeli ilishuka kijitoni, maji yakarukia miguu yangu, ikapanda ng'ambo ya pili. Nilikuwa bado naanza kulitaja jina lake nilipogeuka, nikakuta mkuyu tumeshauacha nyuma.

"Nisimame?" Mainza akauliza.

"Usisimame," nikamwambia. "Endesha."