Sala ya Semana kwa Watoto Watatu

Damien Semana alianza masomo ya jioni akiwa na mvi tayari, na wachunga ng'ombe wenzake wa kilima cha Rukore walimcheka mpaka wakachoka. Alikuwa katekista wa kapela, kanisa dogo la kilima hicho, mtu wa sala alfajiri na sala jioni, na aliamini kwamba Mungu aliyempa mtu kichwa hapendi kukiona kimekaa bure. Basi mara mbili kwa juma, akiisha kukamua, alishuka na fimbo yake mpaka misioni, akajibana kwenye deski la watoto, magoti yakikaribia kugusa kidevu.

Mwalimu wao, Marcellin, alikuwa kijana aliyesomea Bukavu. Jioni moja ya mwezi wa kumi, mwaka 1962, aliwafundisha habari za viumbe. Alisema viumbe havifanani, hata vya tumbo moja. Homa ya kupe ikiingia kundini, ng'ombe wengi hufa. Wachache wenye damu inayostahimili hubaki, nao ndio huzaa, na ndama hurithi damu ile. Miaka ikipita, kundi zima huwa limebadilika, wala hakuna mtu aliyelibadilisha. Wataalamu huita jambo hilo uteuzi wa asili, na husema kwamba viumbe vyote vilivyoko, pamoja na mwili wa mtu, vimefika hapa kwa njia hiyo.

"Mwalimu," aliuliza seremala mmoja, "basi babu yangu alikuwa nyani?"

"Mutu akiangalia sura yako, hana lazima ya kuuliza," mwingine akamjibu kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Semana alicheka pamoja nao. Nyani hakumsumbua, Mungu aliyeweza kumtoa mtu kwenye udongo hashindwi kumtoa popote. Kilichomwingia moyoni ni habari ya kupe. Alikumbuka homa iliyofagia kundi la baba yake, na ng'ombe wake wa leo walitoka kwa mitamba wachache waliosalia mwaka ule. Jambo hilo alikuwa ameliona kwa macho yake, naye hakujua kwamba lina jina. Alipanda kilima akimshukuru Mungu njia nzima.

Alimkuta mkewe, Nyirakamana, akifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa majani makavu. Hakungoja hata kukaa. Alimweleza somo lote, kisha akamaliza kwa maneno yake mwenyewe: "Wenye nguvu njo banabaki, wazaifu banaenda. Njo vile Mungu alipanga, bila kelele."

"Sema tena."

Akasema tena, safari hii vizuri zaidi.

Nyirakamana aliweka chombo chini. "Basi Drocella na Athanase na Céline balikuwa wazaifu."

Hao watatu walilala nyuma ya kapela. Surua iliwachukua miaka mitano nyuma, mmoja baada ya mwingine, kabla mwezi haujaandama upya. Katika wanne aliowazaa alibaki Godelieve peke yake, ambaye sasa alikuwa ameolewa upande wa Kashebere.

"Mama Godelieve, sikusema batoto. Nilisema ngombe."

"Ulisema viumbe. Mimi nilizaa nini, mawe?"

Semana aliegemeza fimbo yake ukutani.

"Siku ya kuwazika ulisema Mungu aliwachagua," mkewe akaendelea, bila kupandisha sauti. "Leo unasema ugonjwa njo inachagua. Kila mutu anakuja na muchaguzi wake. Siku ya Marehemu iko karibu. Kwa kaburi ya batoto yangu hautafungua kinywa. Nitamwita muzee Sebagabo aombe."

Rukore walikuwa na desturi yao. Siku ya Marehemu kila nyumba hupalilia makaburi yake, kisha baba wa waliolala hapo hunyoosha mkono juu ya udongo na kuomba. Baba aliyenyimwa sala hiyo watu humtazama kama mtu aliyewaua. Lakini si macho ya watu yaliyomtia Semana hofu. Mwaka mzima aliwaombea wafu wa watu wengine. Siku hiyo moja ndiyo aliyokuwa nayo ya kusema na wa kwake.

Siku ya masomo ilipofika alibaki nyuma wenzake walipotoka. "Mwalimu," aliuliza, "wale banakufa, kosa lao iko gani?"

Marcellin alifuta ubao taratibu. "Hakuna kosa, Papa. Ngombe yenye inavumilia kupe huku chini, ipandishe kwa baridi ya juu, pengine itakufa ya kwanza. Na ingine inapigwa na radi tu, damu yake ikiwa nzuri ao mbaya. Somo inaeleza kundi. Haiseme nani alistahili."

"Na surua?"

"Surua inaweza kumubeba hata mutoto mwenye afya kuliko wote." Kijana aliweka chini kitambaa cha ubao. "Papa, ile sikujua. Pole."

Semana alipita pia kwa Padri. Padri alimwambia kwa upole amkumbushe mama kwamba Mungu aliwapenda watoto wale kuliko sisi tulivyowapenda. Semana alishukuru akatoka. Akiwa njiani aliona kwamba hayo ndiyo aliyoyasema mwenyewe siku ya maziko, na kwamba tangu siku ile hakumwona mkewe akilia. Siku zilizosalia alisali sana. Hakuomba mkewe alainike, kwa sababu hakuona tena kwamba mkewe ndiye mwenye ugumu.

Siku ya Marehemu ukungu ulilala chini juu ya majani. Nyirakamana alipalilia makaburi matatu peke yake. Sebagabo, mzee wa kanisa, alisimama karibu akipindapinda kofia mkononi.

"Katekista, mama njo aliniita. Usinione mubaya."

"Fanya kazi, kaka."

Sebagabo alinyoosha mkono, akaanza maneno yaliyozoeleka kilimani pale: "Bwana, uliwachagua hawa kuliko..."

"Hapana," Nyirakamana akasema. "Hata wewe, hapana."

Mkono wa Sebagabo ulibaki hewani. Waliokuwa kwenye makaburi ya jirani waliacha kupalilia. Semana alikuwa amesimama nyuma, fimbo mkononi, na alipofungua kinywa alizungumza na mkewe.

"Mimi sijui," alisema. "Ugonjwa moja, nyumba moja, maziwa ya ngombe moja. Godelieve alipona, hawa hapana. Mwalimu hajui. Padri hajui. Mimi nilijifanya najua, mara mbili, na mara zote mbili nilikuambia wewe."

Bibi Mukasine, aliyekuwa akipalilia kaburi la mumewe, alijishika kiuno. "Katekista hajui? Basi sasa tutauliza nani, mbuzi?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza upesi.

"Mumuache," Nyirakamana alisema. Akamgeukia mumewe. "Endelea."

"Sina kingine."

"Taja majina."

Semana alinyoosha mkono juu ya udongo. "Drocella."

"Alipenda kuimba," mama alisema, "na hakujua kuimba."

"Athanase."

"Alikuwa anaiba maziwa, anasingizia paka."

"Céline."

Nyirakamana alifungua kinywa, na hapo sauti ikamkatika. Semana hakumjazia neno. Alingoja, mkono ukiwa umenyooka, na watu wote wakangoja naye.

"Alikuwa hajaanza kutembea," mama alisema mwishowe, akalia.

Bibi Mukasine alipeleka habari misioni kabla ya Jumapili, na Semana akaitwa na Padri kueleza ni sala gani ile isiyo na mwanzo wala mwisho. Alieleza. Padri alifikiri, akamwambia aendelee na kapela yake, ila kwa wafu wa wengine atumie maneno ya kitabu.

Jioni ya masomo Semana alisitasita mlangoni, fimbo mkononi.

"Utachelewa," mkewe alisema kutoka jikoni. "Pita njia ya chini, juu kuna matope."

Alipofika, Marcellin alikuwa amekwisha kuingia kwenye hesabu za kugawanya.