Pingamizi la Bibi Harusi

Sekela alipoingia kibandani kwa fundi Raudha, Gongo la Mboto, alikuta binti mgeni amekaa kwenye cherehani anayoshonea yeye.

"Shikamoo, Bi Raudha. Huyu nani tena?"

"Marahaba. Mbona umekuja, mwanangu? Si umeacha kazi?"

"Nimeacha kazi? Mie?"

"Mchumba wako kaja jana jioni, kachomekea vizuri, kaongea kistaarabu. Kasema ukiolewa hushoni tena, na mwenye kauli juu yako sasa ni yeye. Nikajua mmekubaliana."

Sekela akageuka, akatoka kwenda kumtafuta mchumba wake.

Alimkuta Stanley kwenye duka lake la spea za bodaboda. Wala hakuficha.

"Sasa unashangaa nini? Mafundisho ya ndoa si tulikuwa wote? Mzee Adelard kasema, mume ni kichwa cha mke. Basi kichwa kimeamua. Sitaki mke wangu awe anawazungushia wanaume futi viunoni."

"Hata kuniambia, Stanley?"

"Si ndiyo nakuambia."

Akamshika bega, akacheka. Hapo ndipo Sekela aliposhikwa na hofu hasa. Stanley hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na furaha, kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Mama yake Sekela, aliyekwisha kugawa sare za harusi, alimwambia avumilie tu, wanaume wote wako hivyo. Sekela akaenda kwa Mzee Adelard mwenyewe, mzee wa kanisa aliyewafundisha. Mzee akavua miwani.

"Mie nilimfundisha ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Hilo ndilo nililokazania. Hakulisikia?"

"Basi mwambie, mzee."

"Aa, binti, hayo malizaneni wenyewe. Usimwaibishe mwenzio."

Jumapili, kwenye matangazo ya ndoa kanisani, mchungaji akasoma majina ya Sekela na Stanley kwa mara ya tatu na ya mwisho. "Mwenye pingamizi na aseme sasa," akamalizia harakaharaka, maana hakuna aliyewahi kujibu.

Sekela akasimama.

Mama yake akamdaka sketi. "Kaa chini, we! Wanasimama wenye pingamizi!"

"Ninalo, mama."

Kanisa zima likageuka. Mpiga kinanda akateleza mkono, kinanda kikalia peke yake.

"Binti," mchungaji akasema taratibu, "wewe si ndiye bibi harusi?"

"Ndiye mie, mchungaji."

"Sasa unampinga nani?"

Sekela akainua sauti. "Stanley simkatai. Ila kaenda kuniachisha kazi bila kunitamkia neno, na anasema kafundishwa hapa. Kama ndivyo mlivyomfundisha, semeni nisikie, niende zangu. Kama sivyo, mwambieni yeye, nami nipo."

"Yesu wangu!" mama mmoja wa kwaya akaropoka.

Stanley alikuwa ameachama, mkono umebaki kwenye tai. Mchungaji akamtazama Mzee Adelard. Mzee Adelard akatazama viatu vyake.

"Ndoa hii haifungwi kwanza," mchungaji akasema, akafunga daftari lake. "Stanley, ofisini. Na wewe, mzee."

Wanaume watatu wakatoka kwa mlango wa pembeni. Mama yake bado alikuwa ameng'ang'ania sketi. Sekela akaubandua ule mkono, kidole kimoja kimoja, akawafuata, ingawa hakuitwa.