Mkia wa Mzaliwa wa Kwanza

Lois alipunguza suruali ya mumewe kiunoni kwa mara ya tatu, na mara hii alikuwa akiimba. Tangu daktari wa Voi aseme kwamba mishipa ya moyo wa Crispus imeziba kwa mafuta na presha imepanda, miezi saba ilikuwa imepita bila kaango wala sigara katika nyumba yao ya wafanyakazi wa reli. Kunde alizichemsha tu, chumvi akaificha, na kila jioni alimtoa mumewe wakatembea mpaka njia ya Sagalla. Daktari alimpima tena, akasema, "Mama, umemrudisha. Endelea hivyo hivyo."

Kazini, Crispus hakuwa na raha. "Karani mzima, shingo kama ya korongo!" Oloo wa stoo alimcheka. "Bibi anakulisha, au anakuonyesha tu sufuria?"

Pasaka ya mwaka 1974 walipanda kwao, milimani juu ya Mwatate. Gertrude, mamake Crispus, alimshika mwanawe mkono, akaupima kwa vidole viwili, kisha akamgeukia Lois.

"Nilikupa mwanamume. Hiki ulichonirudishia ni nini?"

"Ni mzima, mama. Daktari..."

"Daktari wako ndiye aliyemzaa?"

Kondoo akachinjwa. Katika ukoo ule mkia, mafuta matupu, huokwa na kuwekwa mbele ya mzaliwa wa kwanza, naye huumaliza wajomba wakitazama. Akiukataa, nafasi yake anapewa mdogo wake. Ulipoletwa ukichuruzika, Thadeus, huyo mdogo, alikuwa ameshasogeza kiti. Crispus aliutazama tu.

Lois hakustahimili. Alitoka jikoni akasimama mbele ya wanaume.

"Asiule huo mkia. Utamuua."

Thadeus akasema, "Kaka, omba ruhusa basi. Pengine atakutafunia."

Wajomba waliangua kicheko. Crispus hakumtazama mkewe. Aliuvuta mkia, akaumega, akala mpaka mafuta yakamfika viwikoni, akaomba na chumvi. Gertrude akapiga vigelegele.

Asubuhi, wakiteremka kwenda kanisani, Crispus alishika kifua akaketi kando ya njia. Jasho lilimtiririka. Lois alimlaza mapajani, akapiga kelele watu watafute gari.

"Sikia," Crispus alisema kwa taabu. "Usimwambie mama kwamba ni ule mkia. Hataweza kuishi nalo."

Gari halijapatikana, akakata roho.

Gertrude alifika mbio, akaona, akamnyooshea Lois kidole. "Wewe! Ulimtangazia kifo mbele ya watu, na sasa amekufa! Mchawi! Mwondoeni, asimguse mwanangu!"

Wanawake walimkwapua Lois. Kichwa cha Crispus kikaanguka kwenye changarawe, na hakuna aliyekiinua.

Lois angeweza kunyamaza. Ndicho kitu cha mwisho alichoombwa na mumewe.

"Mama," alisema kwa upole, "ameacha neno juu yako."

Gertrude alikatisha kilio. Uso ukamlainika, akasogea karibu, akatega sikio.

"Alisema nini, mwanangu?"

"Alisema ni ule mkia."

Gertrude alirudi nyuma hatua moja. Lois alimtazama barabara, kisha akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ili na wale waliomshika mikono wasikie.